Mwalimu wa bayolojia naambiwa nifundishe uandishi wa kubuni, naanzia wapi jamani?

ChakiImeisha

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada hasa walimu mliomo humu. Mi nafundisha sayansi, bayolojia na kemia, sijawahi kufundisha insha maishani mwangu na hata nilipokuwa mwanafunzi insha zilikuwa zinanipiga chenga. Sasa juzi kwenye kikao tumeambiwa kuanzia muhula huu kila mwalimu awe na walau kazi moja ya uandishi wa kubuni kwenye somo lake, sio mwalimu wa lugha peke yake, yaani hesabu, historia, jiografia, fizikia, wote tumo. Kikao kikafungwa, maelezo hakuna, tukatoka kila mtu anamwangalia mwenzie.

Nikasema ngoja nijaribu nisije nikaonekana mkaidi. Nikaingia darasani, watoto wa miaka 14, tumetoka kumaliza mzunguko wa damu, nikawaambia andikeni hadithi, wewe ni seli nyekundu ya damu, simulia safari yako, kurasa mbili. Basi. Nimekusanya madaftari 52, nimesoma 20 nimechoka kabisa maana karibu zote zinaanza "Mimi ni seli nyekundu ya damu, nina rangi nyekundu na ninaishi mwilini" halafu zinafuata notisi zangu mwenyewe neno kwa neno, wamepachika tu "mimi" mwanzoni. Wachache waliojaribu kubuni nao wamepitiliza, kuna dogo mmoja seli yake imekutana na bakteria wakazichapa ukurasa mzima, kipigo cha haja, na mpaka hadithi inaisha hatujafika hata kwenye mapafu. Hadithi tamu kweli, sio siri nilicheka, lakini bayolojia sifuri. Sijui nimpe ngapi.

Sasa nauliza, hii kitu ina faida yoyote au ni fasheni ya watu wa vikao? Na kama ina faida, swali lenyewe linatungwaje nisiletewe tena notisi zangu? Na kusahihisha je, nasahihisha lugha au sayansi, maana lugha yenyewe mi sio mtaalamu. Karibuni, hata wa kunichamba waje tu.

KalamuNyekundu

Pole na madaftari mwalimu. Mi ni wa lugha, na nikuambie ukweli watoto hawana kosa hapo, kosa liko kwenye swali. Hata mimi ukiniambia nisimulie "safari yangu mimi seli" nitakumwagia notisi, kwasababu hujaniambia naongea na nani wala kimetokea nini mpaka nikaamua kuongea. Mtoto anajua msomaji ni wewe, na anajua wewe unajua kila kitu tayari, sasa akueleze nini? Anachofanya ni kukurudishia ulichompa.

Kazi zangu huwa nazitunga kwa kujiuliza nani anaongea, anaongea na nani, kwa umbo gani (barua, ushahidi mbele ya hakimu, tangazo la kupotea, malalamiko, shajara), na jambo lenyewe ni lipi hasa. Ukishajibu hayo swali linakuwa dogo na dogo ndo zuri. Chukua hiyo seli yako. Inaishi siku 120 hivi si ndio? Basi mwambie mwanafunzi wewe ni seli mzee, leo ni siku yako ya 118, umesikia kuna seli mpya imetoka kwenye uboho asubuhi hii, haijui pa kushika, mwandikie barua ya kumwelekeza njia na umwonye sehemu mbili ambazo wageni hupotea. Maneno 150. Hapo mtoto hana ujanja, hawezi kumwelekeza mtu njia ambayo yeye mwenyewe haijui. Kurasa mbili ndo zilizokuletea ngumi, nafasi ikiwa kubwa na swali halina kona lazima watu waanze kupigana.

Kitu kingine ambacho mimi nakipenda kuliko vyote ni maneno marufuku. Unachagua maneno matatu ya mada yenyewe, yale wanayoyakariri, unayaandika ubaoni na kuyakata kwa mstari, hakuna kuyatumia. Niliwahi kusaidiana na mwenzangu wa jiografia kwenye mada ya mmomonyoko wa udongo, tukapiga marufuku "mmomonyoko", "udongo" na "mvua kubwa". Darasa zima likaguna. Dakika 10 watu wanatafuna kalamu tu. Halafu binti mmoja ambaye huwa haongei kabisa akaandika "kila mwaka shamba letu linahama kidogo kwenda kwa watu wa bondeni, na halituagi". Mwenzangu alikaa kimya na lile daftari mkononi, akaniambia huyu nilimpa 4 kati ya 10 kwenye jaribio la mada hii hii.

Kusahihisha, mimi nakushauri lugha usiiguse. Namaanisha tahajia na vituo, waachie walimu wa lugha tutapambana nao. We weka alama 6 za sayansi kuwa sahihi na 4 za kama barua ni barua kweli, yaani ina mtu anayeongea na mtu anayesikiliza. Na usisome yote kwa jicho moja, chagua kitu kimoja tu cha kukisaka, mfano njia imepita upande wa kushoto wa moyo au haijapita, madaftari 52 yanaisha kwa saa moja.

FizikiaSioAdui

Mtanisamehe wakuu mi naona tunapoteza muda. Mtihani hautamuuliza mtoto aandike barua ya seli. Na kuna madhara ambayo watu wa lugha hamyaoni kwasababu nyie tashihisi, yaani kukipa kitu hisia na nia za mtu, kwenu ni pambo, kwetu ni ugonjwa. Mtoto ukimzoesha kwamba atomu "inataka" na elektroni "inaogopa" na joto "linakimbia", kumtoa huko ni kazi ya miaka. Mfano huu hapa, karibu kila mwanafunzi niliyempokea anaamini sodiamu inafurahi kutoa elektroni yake ya nje, ati inatamani kuwa kama neoni. Sio kweli! Kuitoa ile elektroni kunahitaji nishati, haitoki bure, kinacholipia gharama ni mvutano wa ioni zote, yaani atomu zenye chaji, zinapojipanga kwenye fuwele pamoja na klorini. Lakini kisa cha sodiamu mkarimu ni kitamu basi hakifutiki. Nani alikileta? Walimu wenye vihadithi.

Kwahiyo mwalimu ChakiImeisha fundisha bayolojia yako ndugu yangu, huyo wa ngumi mpe sifuri.

KalamuNyekundu

Mkuu FizikiaSioAdui hoja yako nzito na naikubali nusu. Ila jiulize hicho kisa cha sodiamu mkarimu nani alikitunga, sio mwanafunzi, kilitungwa na mwalimu na mwanafunzi akakimeza. Mi nasema mwanafunzi ndo atunge halafu ajisake mwenyewe. Ukishamaliza kuandika chukua kalamu ya rangi nyingine, piga mstari chini ya kila neno la hisia au nia, "nilitaka", "iliogopa", "ikaamua", halafu pembeni uandike kinachotokea kweli. Oksijeni "ilitamani kuingia kwenye damu", pembeni unaandika kwenye mapafu ziko nyingi na kwenye damu ziko chache, kila molekuli inahangaika ovyo tu bila kujua inakokwenda, lakini kwa jumla nyingi zinaishia upande wenye chache. Sisi tunaita kufua nguo. Hadithi unaiacha ilivyo, uchafu unaoneshwa pembeni.

Alafu Galileo mwaka 1632 alipotaka kuwaeleza watu habari ya dunia kuzunguka jua hakuandika notisi, aliandika mazungumzo ya watu watatu wanabishana siku nne, mmoja wao mbishi kama wewe hapo 😄

FizikiaSioAdui

Na kilichompata Galileo mwaka uliofuata unakijua, kanisa lilimhukumu.

HesabuTamu

Nimepita uzi mzima nacheka tu. Naona hesabu imesahaulika kama kawaida, watu wanadhani hesabu na hadithi ni mbingu na ardhi wakati hesabu ndo mama wa visa. Wale sungura wa mwanahesabu Fibonacci, mwaka 1202, ni nini kama sio hadithi, jozi moja imefungiwa mahali inazaa kila mwezi, mwaka ukiisha ziko jozi ngapi. Mwanahesabu Bhaskara kule India karne ya 12 maswali yake aliyaandika kwa mashairi kabisa, kuna la nyuki ambalo huwa nawapa wanafunzi wangu: moja ya tano ya kundi imetua kwenye ua hili, moja ya tatu kwenye ua lile, tofauti ya makundi hayo mara tatu imekwenda kwenye ua jingine, amebaki nyuki mmoja anaelea hewani hajui aende kwenye harufu ipi. Kundi lilikuwa na nyuki wangapi? Tafuteni wenyewe, jibu ni dogo tu chini ya 20.

Ila huko kote ni mwalimu ndo anasimulia na mtoto anatatua. Mimi miaka kama mitano sasa nimegeuza, nampa jibu au alama za hesabu yeye alete kisa. Na hapa ndo namjibu aliyeuliza kama ina faida. Andika ubaoni ½ ÷ ¼. Waambie wapige, darasa zima wanageuza sehemu ya pili wanazidisha wanapata 2, vema kabisa, hakuna aliyekosa, mwalimu mvivu anafunga kipindi anaondoka na furaha. Sasa waambie tungeni kisa kifupi ambacho hesabu yake ni hiyo. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo darasa la watoto 38, waliopatia walikuwa watano. Watano! Waliobaki wengi waliandika kitu kama "kulikuwa na nusu lita ya maji wakagawana watu wanne", ambayo jibu lake ni moja ya nane ya lita kwa kila mtu, wala sio 2. Wengine wakaigawa nusu mara mbili. Yaani walikuwa na jibu sahihi na hawajui ni jibu la nini, na mimi nilikuwa nawapa vyema za bure miaka yote hiyo. Niliumia kwa kweli, nilikaa ofisini nikajiuliza nimefundisha nini.

Kisa kinachofaa ni kama nina nusu lita ya maji na kikombe kinachobeba robo lita, nitajaza mara ngapi. Mara mbili. Ukishakiona unakiona. Kuna binti aliandika cha kwake, mlinzi anazunguka jengo, mzunguko mmoja ni robo kilomita na betri ya tochi yake inatosha nusu kilomita tu, sasa mzunguko wa tatu atauzunguka gizani. Sentensi nne tu hizo. Mwenzie wa pembeni akauliza kwani kuna nini huko gizani, na darasa likalipuka. Hiyo ndo hadithi, na ½ ÷ ¼ imo ndani hata hujaiona.

Jaribuni pia grafu ya umbali na muda. Chora mstari unaopanda, ukalala, ukashuka, usiseme chochote, waambie andika kisa cha mtu huyu kwa sentensi tano. Utaletewa "alipanda mlima, akatembea tambarare, akateremka mlima". Wanaisoma grafu kama picha ya barabara! Kumbe alitoka nyumbani, akasimama mahali bila kupiga hatua hata moja, akarudi. Na ukitaka kuwatesa chora mstari uliosimama wima wakuambie huyo mtu alifanya nini, kuna mmoja aliniandikia "hapa alikuwa kila mahali kwa wakati mmoja, nafikiri alikuwa amekufa". Nilimpa zote.

MtoroWaInsha

Mi sio mwalimu nimepita tu, ila kama mhanga wa hizi kazi naomba kusema neno. Katika maisha yangu ya shule nimeandika "Mimi ni tone la maji" mara NNE. Walimu wanne tofauti. Mara zote nilipanda kwa jua, nikawa wingu, nikanyesha, nikarudi baharini, mwisho. Mara ya nne nilinakili ya mara ya tatu nikabadilisha tarehe na nikapata alama zaidi. Tuoneeni huruma walimu.

RamaniMkononi

@MtoroWaInsha umenichoma maana hata mimi nimetoa hilo swali 😂 ila nililitibu. Sikiliza. Nilibandika karatasi kwenye kuta za darasa, bahari, mawingu, mto, ziwa, barafu, udongo, maji ya chini ya ardhi, mimea, wanyama. Kila kituo kina dadu yake na jedwali la ukipata namba fulani unaenda wapi. Unarusha, unaandika ulipo, unahama. Kwenye bahari na barafu namba nyingi zinasema baki hapo hapo. Baada ya kurusha mara 10 kila mtu ana njia yake na ndo anakaa chini aandike.

Sasa hakuna tena ile duara ya kupanda na kushuka. Kuna waliokwama baharini mara nane mfululizo wakaja kunilalamikia mwalimu hadithi yangu haina kitu, nikawaambia hiyo ndo hali halisi, maji yaliyo hewani kwa wastani yanakaa siku 9 hivi yanashuka, yaliyo baharini ni miaka elfu kadhaa, sasa andika hadithi ya kungoja. Kijana mmoja alikaa kwenye maji ya chini ya ardhi muda wote, akaandika kurasa nzima ya giza na mawe na sauti ya kisima kinachochimbwa mbali ambacho hakimfikii. Yaani mtoto wa miaka 13. Hata ile habari ya kwamba mzunguko wa maji sio duara moja sikuhitaji kuifundisha, walikuwa wanabishana wenyewe mi nimekaa.

Tahadhari tu, kelele. Darasa la jirani watakushtaki.

ShahidiWaJana

Historia hapa. Niwe mkweli, somo letu ndo rahisi zaidi kuharibu kwa hii kitu kwasababu kila mwalimu anafikiri ameshaifanya, "jifanye wewe ni askari mwaka 1914 andika barua nyumbani" na mtoto anaandika "mama mpendwa, leo Vita ya Kwanza ya Dunia imeanza". Ya kwanza! Amejuaje kuna ya pili? Mi hiyo sentensi siikati, naisoma kwa sauti darasani bila jina na naacha wenyewe wagundue, na kipindi kizima kinaweza kuishia hapo. Mtu wa Julai 1914 hajui kama itafika Novemba 1918, wengi walidhani ni miezi michache tu. Kumbana mwandishi ndani ya kile ambacho mhusika wake anaweza kukijua siku ile, basi, hapo ndipo mtoto anaelewa kwamba watu wa zamani hawakuwa wanaishi ndani ya kitabu chetu.

Kwahiyo mimi masharti yangu ni tarehe kamili juu ya karatasi, na marufuku kutaja chochote kilichotokea baada ya tarehe hiyo. Na kila kitu cha nje ya kichwa, jina la mji, chombo cha usafiri, silaha, habari imefikaje, anaweka namba na chini anaandika kakitoa kwenye chanzo kipi. Hisia zibuni, vitu usibuni.

Na kitu kimoja sikubaliani na wengi. Sitoi kazi ya "jifanye mtumwa kwenye meli" au "jifanye uko kambini". Nimeona zikitolewa na nimeona matokeo, ama wanaandika maigizo ya machozi ambayo ni matusi kwa waliopitia, ama kuna mtoto darasani ambaye hiyo ni habari ya ukoo wake na unamlazimisha ajifanye kile ambacho wengine wanakichukulia mchezo. Huko nawapa nyaraka, wanaandika kama karani anayehesabu mizigo, au mtu wa bandarini anayeiona meli ikiondoka. Anayeona na akanyamaza. Hapo ndo wanaandika vitu vya kutisha, kwasababu wanaanza kujiuliza kwanini alinyamaza.

PeniYaMwisho

Swali la haraka, hawa wanaoandikiwa na hizi programu za akili bandia mnawafanyaje? Nimepokea barua 30 zote zina "katika ulimwengu wa ajabu wa..." nimechoka.

KalamuNyekundu

Darasani, kwa mkono, dakika 12, mada wanaijua pale pale. Na uweke ndani kitu ambacho programu haina, mfano vipimo walivyopata wao wenyewe kwenye jaribio jana, au kituo walichoangukia na dadu kama alivyosema RamaniMkononi. Ya nyumbani mi siku hizi sitoi kabisa.

ChakiImeisha

Wakuu nimerudi, wiki mbili sasa, nilisema nisirudi mikono mitupu. Nimejaribu ile barua ya seli mzee, maneno 150, marufuku "mzunguko wa damu", "husafirisha" na "oksijeni". Nilisoma yote 52 jioni moja na sijachoka, sijui niseme nini.

Niwaambie nilichokiona. Barua kama 30 hivi zilianza "Mwanangu mpendwa". Nilianza kuipita, nikarudi. Mwanangu? Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini, haiwezi kujigawa, haina mtoto, zote zinatoka kwenye uboho, yule anayeandikiwa barua hana undugu naye wa namna hiyo kabisa. Nimewafundisha hicho kitu kwa mdomo wangu na kwenye jaribio waliandika vizuri tu "haina kiini". Hawakuwahi kufikiri maana yake nini kutokuwa na kiini. Kesho yake nikaandika ubaoni "Mwanangu mpendwa" nikauliza kosa liko wapi, dakika tano hakuna anayejua, halafu mmoja wa nyuma akasema taratibu "mwalimu... hawezi kuzaa". Wakaomba warudie mstari wa kwanza. Mmoja akaweka "Kwako mgeni nisiyekufahamu, nimesikia umefika". Jamani.

Cha pili, 17 seli zao zilitoka kwenye mapafu zikaenda mguuni moja kwa moja, hazikurudi kwenye moyo kwanza. Kumi na saba! Mchoro wangu wanauchora vizuri na mishale yote, lakini wakiwa ndani yake wanatembea wanavyotaka. Na wengi wakaandika safari ilichukua siku nzima, wakati mtu akiwa ametulia damu inazunguka mwili mzima kwa kama dakika moja. Nikawaambia hesabuni basi huyu mzee wa siku 118 amepita hapo mara ngapi, dakika 1,440 kwa siku, wakapata kama laki moja na elfu sabini. Mmoja akabadilisha barua yake ikawa inaanza kwa kulalamika uchovu.

Kufua nguo nimefanya, wamekipenda kuliko kuandika kwenyewe, wanavyopenda kumkamata mwenzao.

Sasa yule wa ngumi. Sikumpa sifuri. Nilimwita nikamuuliza hivi seli nyekundu ndo inapigana na bakteria? Akafikiri akasema hapana ni nyeupe. Nikamwambia basi pigano libaki, napenda sana pigano lako, lakini wewe ni seli nyekundu unapita tu, uandike ulichokiona. Karudi na nusu ukurasa. Nyeupe anammeza bakteria na wengine wanakuja, wa kwetu anapita katikati anasukumwa kutoka nyuma. Mwisho kaandika "Aliniita. Sikugeuka. Nilikuwa nimebeba mzigo wa watu."

Nimempa 9. Moja nimekata kwasababu kuna mahali kasema ateri ilimrudisha moyoni, wakati ateri hutoa damu moyoni.

FizikiaSioAdui

Hiyo moja hata mi ningeikata.

Ila nami nikiri. Wiki iliyopita, kwa ubishi tu nipate cha kuwajibu humu, niliwapa shajara ya mpira uliorushwa juu, mita 10 kwa sekunde, unaandika kila nusu sekunde. Karibu wote wakaandika nguvu ya mkono ilikuwa inawasukuma njiani mpaka ikaisha, na pale juu kabisa "nikapumzika, hakuna kinachonivuta". Hawa wamefaulu swali la mpira mwaka mzima, kanuni wanaijua, jibu la sekunde 1 na mita 5 wanalitoa wakiwa wamelala. Mkono umeshaachia zamani! Hakuna kinachousukuma, na pale juu unavutwa vile vile kama mwanzo.

Nimewarudishia wafue. Nina nakala 44 mezani hapa na kalamu nyekundu imeisha wino, msinicheke.

KalamuNyekundu

Sicheki mkuu. Kalamu ninazo, njoo uchukue.